Matundu Yaliyosiribwa

Wapendwa, leo nina habari ya mama mmoja aliyepewa kazi ya kulinda matundu. Msicheke. Ni kazi ndogo kweli, na ndiyo hiyo iliyomshinda.

Mama huyu aliishi kwenye mteremko, katika nchi ambayo ardhi yake haitulii. Kule sahani hugongana kabatini na watu wanaendelea kula. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mazito, na katika chumba cha nyuma alilala mama mkwe wake, bibi ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu. Walipendana sana wale wawili. Ninalisema hilo mapema, kwa sababu huko mbele mtataka kudhani vingine.

Siku moja wakaja wataalamu wa matetemeko. Wakachimba uani, wakasimika bomba, na juu yake wakafunga kisanduku chenye taa. Mkubwa wao akamwelekeza.

"Mama, miamba ikianza kupasuka huko chini, wakati mwingine hutoa gesi kabla ardhi haijatikisika. Bomba hili linainusa. Gesi ikiwa kidogo, taa ni ya kijani. Ikizidi, taa inakuwa nyekundu na kengele inalia. Hapo msikae ndani."

"Kwa hiyo ikilia, tetemeko linakuja?"

"Laiti ingekuwa hivyo, mama. Huenda likaja, huenda lisije. Hata mvua inaweza kuifanya ilie. Wewe kazi yako ni moja tu. Haya matundu hapa chini ya bomba yaache wazi, ardhi ipumue na gesi ipite."

Akakubali, na mwanzoni aliifanya kazi hiyo vizuri. Aliondoa majani, akafukuza kuku, akapangusa tope. Bibi naye, kwa kuwa haioni taa, akawa anauliza kila asubuhi kutoka kitandani, "Mwanangu, taa inasemaje?" Akiambiwa ni ya kijani, anajigeuza na kusinzia tena. Akiambiwa ni nyekundu, anabeba mkeka wake na kwenda kushinda migombani.

Kengele ikalia mara ya kwanza. Kijiji kizima kikahamia migombani, watu wakapigwa na baridi, watoto wakapata mafua. Hakikutikisika kitu. Ikalia tena, mambo yakawa yaleyale. Basi wenzake wakaanza kumtania kisimani, "Mama Kengele, leo tunalala ndani au kwa migomba?" Alicheka pamoja nao, lakini ilimuuma.

Kisha ikafika siku ya kupokea mahari ya binti yake. Kwao wageni wa mahari hawapokelewi kwenye ua wenye vumbi. Ua wote husiribwa kwa udongo na kinyesi kibichi cha ng'ombe, ukalainika kama sakafu, na ufa mmoja tu ukionekana, ni aibu kwa mama wa binti. Akapiga magoti asubuhi, akaanza kusiriba. Alipolikaribia bomba, kengele ikalia. Taa ikawa nyekundu.

Sasa jiwekeni mahali pake. Wakwe wako njiani. Utawaambia wale chakula chao migombani? Mkono wake ulisimama hewani. Alijua, wapendwa, tusimtetee kwa kusema hakujua. Akajiambia, "Wageni wakiondoka nitayafungua." Akapitisha kiganja juu ya matundu, akalainisha. Baada ya muda kengele ikanyamaza, na taa ikarudi kijani.

Wageni wakala, wakausifu ua, wakaondoka. Je, aliyafungua? Kesho yake alikuwa amechoka. Keshokutwa alikumbuka, akautazama ua ulivyopendeza, akafikiria kisimani ambako hakuna tena aliyemtania, akasema ngoja kwanza. Utulivu ule ulimnogea. Wewe hujawahi kunogewa na utulivu wa namna hiyo?

Asubuhi moja alikuwa anachukua panga aende kukata majani ya ng'ombe. Bibi akaita kutoka chumbani.

"Mwanangu, taa inasemaje?"

Akaitazama. "Ya kijani, mama."

"Basi acha nijilaze kidogo."

"Lala, mama."

Alikuwa bondeni ardhi ilipotikisika. Alipanda mteremko mbio, akakuta ukuta wa chumba cha nyuma umeangukia ndani. Ule ua mzuri ulikuwa umepasuka katikati, matundu yakafunuka, na kengele ilikuwa inalia. Bibi walimtoa jioni, amekwisha kufa.

Yule mtaalamu alikuja baada ya maziko. Akachuchumaa penye bomba, akauparua udongo kwa kidole. Mama akamwambia, "Sema tu, mwanangu. Ingetuonya?"

"Sijui, mama. Pengine isingelia hata kama ingekuwa wazi. Sasa hatutajua kamwe."

Hilo ndilo jibu aliloishi nalo. Laiti angelaumiwa moja kwa moja, angalau angepata pa kulilia.

Ndugu zangu, je, mama yule alisema uongo? Taa ilikuwa ya kijani kweli. Sisi nasi tunasema kweli za namna hiyo. Mkeo alikuambia pombe yako inamtisha, ukamfokea mpaka akaacha kusema, na leo unatuambia nyumbani kwako kuna amani. Dhamiri ilikusumbua juu ya jambo fulani, ukaipaka udongo kwa siku moja tu, kwa sababu ya wageni. Wageni wameondoka zamani. Na mimi ninayesema haya, nina ua wangu pia.

Inanisikitisha, kwa sababu anayelala chumba cha nyuma mara nyingi si sisi. Ni mtu asiyeiona taa, anayetegemea jibu letu. Leo akikuuliza taa inasemaje, usiitazame taa. Nenda uani, upige magoti palepale uliposiriba, ukwangue udongo kwa kucha zako. Ndipo urudi umjibu.