Binti Aliyerukwa

Ndugu zangu, leo kabla hamjanijibu amina, hebu nisikilizeni kwanza.

Baba mmoja, mzee wa kanisa kama hawa waliokaa hapa mbele, alikuwa na utaratibu nyumbani kwake. Kila jioni, vyombo vya ugali vikishaondolewa, Biblia inazunguka. Kila mtoto anasoma mstari wake, anampa wa pembeni. Nyumba ya kusifiwa, au sio?

Jioni moja wanasoma habari za uumbaji. Zamu ya binti ikafika. Akasoma, kisha akauliza, "Baba, jua limeumbwa siku ya nne. Zile siku tatu za kwanza, asubuhi ilijulikanaje? Au siku hizo si kama siku zetu?"

"Neno halihojiwi nyumbani kwangu."

"Sihoji, baba. Nataka kuelewa."

"Mpe mwenzako Biblia. Na kuanzia leo mumruke, mpaka atubu."

Wakamruka. Kila jioni kitabu kilipitishwa juu ya magoti yake kwenda kwa kaka yake. Atubu nini? Kwamba alikuwa anasikiliza? Mwisho binti akachoka, akafunga nguo zake, akaondoka. Na yule baba akasimama kanisani kuomba wamwombee binti aliyechukuliwa na Shetani. Wakamwombea, tena kwa machozi.

Miaka ikapita, baba akaugua ugonjwa wa kufa. Hofu ikamwingia. Akamshika mkono kijana wake mkubwa, yule ambaye hakuwahi kukosea mstari.

"Mwanangu, wewe Neno unalijua. Niambie kwa moyo wako, hivi kweli Bwana ananingoja?"

Kijana akainamisha kichwa. "Baba, nisikudanganye. Mimi sijui. Nilikuwa nasoma ili nisirukwe."

Mzee akawatazama wengine. Wote wakaangalia chini. Akasema, "Niitieni dada yenu."

Hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu.

Sasa sisi tunaojaa hapa kila Jumapili, tunamdanganya nani? Mtoto akiuliza, tunamwita mwasi. Akinyamaza, tunamwita mcha Mungu, na wala hatujui moyoni ana nini. Inaniuma kulisema hili: tumewafukuza waliokuwa wanasikiliza, tumebaki na wanaoitikia. Hivi ni Mungu gani huyo, ambaye tunamwogopea swali la binti?

Nikishuka hapa, msiniitikie amina. Kila mmoja akae kimya, amkumbuke wa nyumbani kwake aliyerukwa. Na kama namba yake bado unayo, mpigie leo.