Uso Mmoja wa Mtoto

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale, maana hadithi hii haitaki wasikilizaji, inataka mahakimu.

Palikuwa na wanawake watatu. Dokta Eliwaza alikuwa na jicho: alisomea jinsi akili za watoto zinavyokua, na alimtazama mtoto mpaka akajua kinachomsumbua. Nakunda, mlezi katika kituo cha watoto, alikuwa na mgongo. Mtoto akibebwa naye hutulia. Bibi Namcha alikuwa na sauti.

Binti wa Bibi Namcha alifariki, akaacha mtoto anayeanza kukaa. Bibi akamleta kituoni. Mtoto akakataa maziwa. Dawa hazikusaidia. Akakonda, akabaki kutazama dari.

"Apelekwe mjini," mkuu wa kituo akasema.

"Atafia njiani!" Dokta Eliwaza akajibu. "Huyu haumwi, anaomboleza. Kila zamu anashikwa na mtu mwingine, hajui amlilie nani. Mpeni uso mmoja tu. Akifa, nifukuzeni kazi."

Uso aliouchagua ukawa wa Nakunda. Alimfunga mgongoni kwa kanga, akapika naye, akafua naye, akalala naye. Nyumbani alikuwa na mwanawe mdogo. Siku alipokwenda kumwona, mwanawe alimkimbia, akajificha kwa shangazi. Nakunda alirudi analia, lakini yule wa mgongoni hakumshusha.

Mtoto akaacha kutazama dari, ila kumeza bado. Bibi Namcha alijua wimbo ambao marehemu alimbembelezea mwanawe. Lakini kwao mfiwa haimbi kabla ya kuondoa matanga. Matanga bado, akaimba. Ndugu wakamsusa, hadi leo hawamjulii hali. Mtoto aligeuza shingo, akatafuta, akafungua kinywa kwa kijiko cha Nakunda.

Amepona. Na kwao, mtoto aliyerudi kutoka mautini hupewa jina jipya na aliyemrudisha, na mwenye kumpa jina ndiye humlea.

"Ni damu yangu," akasema Bibi Namcha. "Sina mwingine."

"Shikamoo, bibi, lakini mwanangu wa kuzaa amenisahau," akasema Nakunda. "Na huyu mninyang'anye?"

"Maisha yangu yote nimewatazama watoto wa watu, nikawarudisha kwa wenyewe," akasema Dokta Eliwaza. "Huyu siwezi."

"Basi tumweke mkekani," bibi akasema, "achague mwenyewe."

Dokta akafumba macho. Alijua mtoto atakwenda kwa nani. Ni yeye aliyemchagulia uso huo.

Mtoto yuko katikati ya mkeka, ameinua mkono mmoja. Hapo nimemsimamisha, hatambai mpaka mseme. Na msinijibu "wote watatu", mnakwepa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Haya, wewe uliyekaa hapo: mzazi hapa ni nani, na ungempa nani haki ya kutoa jina?