Mtu wa Nne wa Sinia

Nipeni masikio yenu, nami nitawapa mzigo ulionishinda kuutua.

Mzee Shaame alikuwa na watoto wanne, na kila mmoja alijaaliwa lake. Mize, kifungua mimba, alikuwa na jicho lisilopitwa na jambo. Faki alikuwa na subira ya kufundisha. Raya alikuwa na ushujaa wa kutenda wenziwe wakingali wakishauriana. Wa nne, Nassor, alijaaliwa kicheko. Huyo homa ilimchukua, na baba alimwosha na kumzika kwa mikono yake.

Mzee mwenyewe alikuwa mgawaji wa chakula katika karamu. Harusini aliutazama umati mara moja, akasema, "Masinia thelathini," na hapakuwa na aliyekosa wala tonge lililobaki. Watu wanne, sinia moja: ndiyo iliyokuwa kanuni yake. Na mgawaji hali mpaka wote wawe wamenawa. Huo ndio uungwana wa kazi yake, na hata nyumbani hakuuvunja.

Baada ya msiba akapatwa na kiharusi. Maneno yalirudi, miguu ikarudi, kujumlisha pia kukarudi. Kupunguza hakukurudi. Kila adhuhuri aliwanawisha wanawe, birika mkononi: "Mmoja. Wawili. Watatu." Kisha akangoja. Wali ukapoa, naye hakutia tonge kinywani.

"Baba, Nassor amekwisha kuzikwa," alisema Mize.

"Najua, mwanangu. Nilimlaza kaburini mimi. Lakini nyinyi ni wanne, na mmoja hajanawa."

Siku ya tano pete ikamvuka kidoleni kwa kukonda.

Mize akafanya alilojaaliwa: akatazama. Akagundua kwamba baba hahesabu nyuso, maana macho yalikuwa yamefifia. Alihesabu mikono iliyopita chini ya maji. Akawaambia wenziwe.

Faki akafanya lake: akafundisha. Akapanga kokwa nne za tende juu ya mkeka, akaondoa moja.

"Zimebaki ngapi, baba?"

"Nne."

"Tazama vizuri. Moja nimeiondoa."

"Haijaondoka, mwanangu. Imo mkononi mwako."

Akarudia mpaka alasiri, na jibu likawa lile lile. Faki akainuka akilia. Raya alikuwa ameketi kando, na maneno ya baba yakamkaa moyoni.

Kesho yake Raya akafanya lake. Akanawa kwa zamu yake, akainuka, akalizunguka sinia, akaketi pahali pa Nassor, akaunyoosha mkono ule ule. Birika likasita hewani. Mzee akaushika mkono, ungali ukichuruzika maji. Akaushika kwa muda mrefu. Kisha akamimina.

"Wanne," akasema. Akala.

Akala hivyo kwa miezi saba. Siku ya kufa kwake aliuomba upawa wake wa kifuu, ule uliougawia mji mzima mchuzi, akasema, "Huu ashike aliyenilisha." Roho ikatoka kabla ya jina.

"Ni wangu," alisema Raya. "Mkono ulikuwa wangu."

"Mkono hata mwizi anao," akajibu Mize. "Nani alikwambia kwamba anahesabu mikono?"

"Na nani alimtoa baba yale maneno ya kokwa iliyo mkononi?" akauliza Faki.

"Ulimtoa maneno, kaka, hukuyaelewa," akasema Raya. " Kokwa zako hazikumshibisha hata kuku."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu Nassor aondoke, kisha wakaona haya. Raya akasema taratibu, "Na kama nilimdanganya? Miezi saba alikula juu ya hesabu ya uongo."

"Aliujua mkono wako," akasema Mize. "Aliushika ukiwa umelowa."

"Basi kama alijua," akasema Faki, "ni nani aliyemlisha?"

Upawa ungali ukutani. Ukiupasua vipande vitatu, hautachota tena. Mtu aliyelisha mji bila kumpunja mmoja aliwaachia watu watatu kitu kimoja, nami nimekipigia hesabu miaka mingi, na kila mara hunibakia mkononi.

Mize aliona. Faki alifundisha, akashindwa. Raya alitoa mkono wake mara mbili. Na pahali pa nne pangali papo. Ewe uliyenawa ukaketi nasi, wewe ungempa nani?