Picha Iliyopinda Ukutani

Sogeeni karibu, leo sina sauti ya kushindana na mtu. Nina watu watatu na picha moja, na picha haigawanyiki. Wa kwanza alijaliwa bega, wa pili alijaliwa jicho la kunyoosha, wa tatu alijaliwa kujua pa kukaa. Msicheke. Kujua pa kukaa nako ni kipaji, waulizeni waliochoka.

Mwenye bega ni Bi Mwantumu, mjane wa Mzee Semkiwa mchoraji. Kwa miaka arobaini mzee huyo alichora walichotaka watu: simba kwenye mabango, vikombe vya chai kwenye kuta za migahawa, vichwa vilivyonyolewa kwenye milango ya vinyozi. Alipofika sabini na mbili akaacha vyote, akaanza miraba na pembetatu. Hakuna mtu, hakuna mnyama, rangi tu zimekaa kwenye pembe zake. Watu wakawa wanazipita picha zile bila hata kugeuza shingo. Mmoja alimwuliza kama macho yameanza kumsumbua. Mzee akamjibu, "Simba nimemchora mpaka simba mwenyewe amechoka."

Picha ya mwisho aliichora kitandani. Mgongo haukumbeba tena, ikabidi Bi Mwantumu akae ubavuni pake, amwegemeze begani, ubao ukiwa magotini mwa mzee. Miezi miwili, kila asubuhi. Bega likafa ganzi, mkono ukashindwa kuinua hata ndoo. Kazi ilipokwisha, mistari yote ilikuwa imeinama upande mmoja, upande uleule alioegemea mzee. Akaitazama sana, akasema, "Mwantumu, hii usiiuze. Atakayewafanya watu waitazame badala ya kuipita, huyo ndiye mwenyewe, mpe." Wiki ileile akafariki.

Masika yaliyofuata maji yakaingia ukutani kwa mjane, kona ya ubao ikaanza kuvimba. Ng'ambo ya barabara kuna zahanati yenye ukumbi mkavu wa kusubiria. Akaomba picha ikae pale, wakamkubalia, akamwita fundi Mhando aitie fremu na kuitundika.

Huyo ndiye mwenye jicho la kunyoosha, seremala, rafiki wa marehemu tangu ujana. Akiingia kwenye nyumba ya msiba hutoa pole, kisha macho yanamkimbilia kwenye mlango kuona kama umekaa sawa. Basi akaitundika picha, akaweka pimamaji juu ya fremu, ikawa sawa. Fundi mwingine angekusanya vifaa akaenda zake. Mhando akaiweka pimamaji juu ya mistari ya marehemu, akaona haiko sawa, akasikitika. Akaizungusha picha nzima taratibu, mpaka mistari ya ndani ikanyooka na fremu ikabaki imekwenda upande.

"Shemeji, mbona imepinda?" Bi Mwantumu akauliza.

"Iliyopinda ni fremu, na fremu ni yangu. Kazi ya marehemu imenyooka."

Mjane alitaka kumweleza habari ya bega. Lakini kueleza nako kunataka nguvu, akaiacha ilivyo.

Sasa tazameni kosa la fundi lilivyozaa. Wagonjwa ambao wasingeinua kichwa kwa ajili ya miraba, fremu iliyopinda iliwakera. Mtu ana homa, anatetemeka, lakini anainuka kwenda kuinyoosha.

Wa tatu ni Sikudhani, mfagizi wa zahanati. Sakafu ile anaipiga deki mara mbili kwa siku, na magoti yake yana umri kumzidi yeye. Asubuhi moja alimaliza, akajitupa mwisho wa benchi, kichwa kikalala upande kwenye nguzo kwa uchovu tu. Akainua macho. Kutoka pale fremu haikumsumbua tena. Miraba ilikuwa imetulia mahali pake, na pembetatu nyeupe ya katikati ilikuwa imesogea mbele kama mlango ulioachwa wazi. Alikaa mpaka sakafu ikakauka. Kesho yake akaburuta benchi zima likaielekea picha, na kila aliyeinuka kwenda kunyoosha, yeye alimwambia, "Usiiguse, ndugu. Kaa hapa kwanza. Egemea."

Wakakaa, wakaegemea. Kuna mzee aliitwa jina lake mara tatu na muuguzi, hakusikia.

Siku Bi Mwantumu alipokwenda kutibiwa bega lake, alikuta watu watano kwenye benchi, wote wameinama upande mmoja, wanaitazama picha. Alisimama mlangoni akalia. Tangu mumewe afariki hakuwa amemwona mtu ameegemea vile.

Mwaka huu ukumbi unavunjwa ujengwe mwingine, na picha lazima itoke. Wakakutana watatu mbele yake, na neno la marehemu kila mmoja analijua.

Fundi akasema, "Shemeji, nimetengeneza milango maisha yangu yote. Mlango ukiwa mzuri watu wanaupita tu. Kazi ya mkono wangu iliyotazamwa ni hii peke yake."

Sikudhani akasema, "Mimi sina maneno, mama. Pale ndipo ninapopumzikia. Ikiondoka, nabaki na sakafu."

Bi Mwantumu alikuwa na kanga mkononi, ya kuifungia. "Mimi kitanda changu kina upande mmoja mtupu," akasema. "Ukuta nimeshaukarabati." Akanyoosha mkono aishushe, bega likakataa, mkono ukaishia njiani. Wale wawili wakatazama chini. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemzuia.

Mara akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni, mgeni kabisa wa pale. Akaitazama fremu, akasema, "Jamani, hii picha imepinda," akaenda kuinyoosha.

"Usiiguse," wakasema wote watatu kwa pamoja.

Kisha wakatazamana.

Ndipo nilipowaacha, nami nimechoka kuamua. Bila bega lile, mistari isingeinama. Bila pimamaji ile, asingeinuka mtu. Bila benchi lile, wangeinyoosha wakarudi kuangalia miguu yao. Bi Mwantumu bado ameshika kanga. Haya, ninyi mliokaa mkapumzika, picha hii mngemfungia nani?