Kuchakuro na Lebo Ndefu ya Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ghala na mlinzi wake, na mlinzi ndiye mlaji!

Naam. Mlinzi ni Kiboko. Fundi wa mashine ya kupimia ni Kuchakuro, kindi wa ardhini. Mwiteni kwa jina lake, msimwite panya. Panya ana ukoo wake.

Wanyama walileta mtama ghalani. Mashine hupima, tii! Huandika lebo, krrr! Kilichoandikwa kwenye lebo ndicho utakachorudishiwa. Kiboko akamwamuru Kuchakuro: "Iandike namba nzima tu. Kilicho nyuma ya nukta ni changu."

Paa akaleta madebe saba na sehemu tisa za kumi. Tii! Krrr! Lebo ikasema 7. Karibu debe zima likaenda tumboni, gubu-gubu-gubu!

Kanga akaleta madebe mawili na robo. Tii! Krrr! Lebo ikasema 2. Robo ikaenda tumboni, gubu!

Kuchakuro mwenyewe akaleta madebe matatu na nusu. Tii! Krrr! Lebo ikasema 3. Nusu ile ilikuwa uji wa watoto wake wanne mpaka mvua.

"Bwana Kiboko, na nusu yangu?"

"Nusu ipi? Soma lebo, we mkia mtupu!"

"Watoto watalala njaa."

"Walale chali, njaa ipite juu."

Sikilizeni ufedhuli huo! Na huyo mla nusu za watu hakujua kusoma. Maandishi aliyapima kwa urefu: marefu ni mali, mafupi ni takataka.

Siku ya kugawa, ghalani mlibaki madebe arobaini na sehemu moja ya kumi ya debe, ukiwemo mtama wa Kiboko mwenyewe. Kuchakuro akainama.

"Bwana mkubwa, kuokota vijisehemu ni aibu kwako. Tugawe ghala zima kwa lebo mbili. Chagua wewe kwanza. Itakayobaki ni yetu sote."

"Na lebo ziseme kweli!"

"Kweli tupu, bila kukata hata tarakimu."

Kiboko akaapa mbele ya wote kwamba hatabadilisha chaguo lake, akakanyaga ardhi, ndi!

Lebo ya kwanza: krr. Ikasema 40.

Lebo ya pili: krrr, krrrr, krrrrrrr! Ikasema 0.1000000000000000055511151231257827021181583404541015625.

"Hiyo! Hiyo ndefu!" Kiboko akainyakua.

Akapimiwa kikopo kimoja, sehemu moja ya kumi ya debe.

"Mwizi! Na namba zote hizi?"

"Ni vumbi, bwana. Mashine huhesabu kwa kugawa mbili-mbili, haiwezi kuishika sehemu ya kumi sawasawa, huikaribia tu. Siku zote huifupisha ikiandika. Leo nimeiacha iseme yote."

"Nirudishieni ile fupi!"

"Umeapa!" wanyama wakapiga kelele. Paa akabeba madebe yake na zile sehemu tisa. Kanga akabeba robo yake. Watoto wanne wa Kuchakuro wakanywa uji, fyooo, mpaka matumbo yakang'aa.

Funzo, wanangu: mkubwa asidhulumiwe kamwe. Akidai kingi, mwandikieni kirefu.

Hapo nimeishia. Ikiwa tamu, gawaneni sawa; ikiwa chungu, mpelekeeni mlinzi wa ghala.