Binti Aliyetakiwa Kutubu Ugonjwa Wake

Wapendwa, leo sitawachekesha.

Kulikuwa na mabinti wawili wa kwaya katika usharika mmoja wa milimani, wote wa miaka kumi na tisa. Mmoja tumwite Sekela, mwingine Atupele.

Jumamosi moja walikuwa bombani wakifua majoho ya kwaya. Mikono ya sweta ya Sekela ilikuwa imelowa mpaka viwikoni, lakini hakutaka kuikunja. Atupele akamvuta kwa utani ili amkunjie. Akaona alama. Za zamani, na nyingine mbichi.

"Nimekwaruzwa na seng'enge," Sekela akasema haraka.

Seng'enge gani hiyo, inayopanga mistari? Atupele akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwuliza polepole, "Unajiumiza mwenyewe? Unafikiria kufa?"

Sekela akaitikia kwa kichwa. "Usimwambie mtu, Atu. Nakuomba."

"Hilo siwezi kukuahidi. Ila sikuachi peke yako."

Akamshika mkono, wakaenda wote kwa mama mlezi wa vijana. Mnajua alivyowapokea? "Shetani anakuchezea wewe. Funga siku tatu." Wakaenda kwa mzee wa kanisa. Huyo hata kiti hakuwapa. "Baba yako ni mwenzetu katika baraza la wazee," akamwambia Sekela. "Unataka kutuchafulia jina?"

Walipotoka, Sekela akasema, "Umeona? Turudi tu."

"Haturudi!" Atupele akamshika mkono tena. Jina! Mtu anakwisha mbele ya macho yao, wao wanalinda jina!

Akampeleka kwa mama mzazi wa Sekela, akaeleza yote palepale jikoni, bila kuzunguka. Mama alilia, akajifuta kwa kanga, akaepua chungu motoni, akavaa viatu. Siku hiyohiyo watatu wakafika hospitali. Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia Atupele, "Ulifanya vizuri kumwuliza wazi. Swali lako halikumpa wazo la kufa. Lilimpa mahali pa kulisema."

Ilichukua miezi. Dawa, mazungumzo na mshauri, wiki nzuri, wiki mbaya. Kuna siku Sekela alimfokea rafiki yake aende kwao. Atupele akaenda, na kesho yake akarudi.

Basi Sekela akapata nafuu, akatamani kuimba tena. Na hapo, wapendwa, ndipo baraza la wazee lilipokumbuka kwamba yupo! Wakaandika barua: asimame mbele ya usharika, atubu dhambi ya kutaka kujiua, ndipo aruhusiwe kuvaa tena joho la kwaya.

Jumapili ikafika. Barua ikasomwa. Sekela akatembea mpaka mbele. Atupele akainuka kwenye safu ya kwaya, akaenda kusimama kando yake. Mzee akamwambia, "Wewe hujaitwa."

"Najua," Atupele akasema. "Nawangoja waliopaswa kuitwa. Wako wapi waliomfukuza mlangoni?"

Ndipo Sekela akainua uso, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje: "Mimi niliugua. Nilikuja kwenu nikiwa mgonjwa. Sina toba ya kuwapa."

Akageuka, akaenda kuketi na mama yake. Baba yake akatoka kwenye viti vya wazee, akaketi upande wake wa pili. Hakurudi barazani tena.

Sasa niambieni, ni nani aliyetenda dhambi pale? Yule aliyeumwa? Au sisi? Ndiyo, sisi! Msitazamane. Ni sisi tunaojua kuchangia jeneza na kupanga viti vya msiba, lakini mtoto akija akiwa bado anapumua tunamwambia akafunge. Tunamwita mdhaifu, tunamwita mwenye pepo, kisha akizikwa tunauliza kwa nini hakusema. Alisema! Alisimama mlangoni pako akasema!

Nimekasirika, na siombi radhi. Kijana akikufunulia jambo hili, muulize wazi, msikilize bila kumhubiria, mpeleke kwa wataalamu, na kesho yake rudi. Na kama ni wewe uliyekaa hapa unaumia, ukafukuzwa mlango mmoja, gonga mwingine. Uanze na wangu, leo.

Msiniitikie amina. Nendeni mkawatazame watoto wenu.