Kifaru, Pimbi na Kaboneti Isiyoyeyuka

Paukwa!

– Pakawa!

Hadithi, hadithi!

– Hadithi njoo! Uongo njoo! Chumvi kolea!

Imekolea. Na wewe Masumbuko uliyekaa nyuma, acha kutafuna hizo karanga. Ngano hii inakuhusu, na utaona ni kwa nini.

Hapo kale, Pimbi alikuwa akiishi kwenye mwamba nyuma ya maabara ya shule. Mnamjua Pimbi. Yule mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, ambaye siku ya kugawiwa mikia alimwambia jirani, "Na mimi nichukulie." Jirani akachukua wake, akaenda zake. Tangu siku hiyo Pimbi alijifunza jambo moja tu: usikubali kuhadithiwa, sikiliza mwenyewe.

Basi alisikiliza. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wakikariri kemia, wamefunga macho, wanatikisa vichwa. Nusu moja ya darasa ilianza, nusu nyingine ikamaliza.

"Naitreti zote huyeyuka!"

"Isipokuwa hakunaaa!"

"Kloraidi zote huyeyuka!"

"Isipokuwa ya fedha na ya risasi!"

"Salfeti zote huyeyuka!"

"Isipokuwa ya bariamu na ya risasi!"

"Kaboneti zote haziyeyuki!"

"Isipokuwa ya sodiamu, ya potasiamu na ya amoniamu!"

Chini ya dirisha hilohilo alikuwapo Kifaru, anakula maua ya mwalimu mkuu. Kifaru naye alipenda elimu, ila alipenda kula zaidi. Darasa likisema "Kaboneti zote haziyeyuki," alisimamisha masikio. Darasa likifika kwenye "isipokuwa," tayari amekwisha kung'oa fungu jingine, anatafuna. Kwacha-kwacha-kwacha! Taya za Kifaru zina kelele za mashine ya kusaga. Kila isipokuwa ilipotea humo.

Umeacha kutafuna, Masumbuko? Vizuri.

Kifaru akarudi porini msomi. Porini kulikuwa na Jiwe la Chumvi, ambalo wanyama wote walililamba tangu enzi za mababu, bure, bila kuulizana. Kifaru akakaa juu yake, makalio yote mawili.

"Kuanzia leo," akasema, "hapa halambi mtu bila mtihani. Atakayefaulu atalamba. Atakayefeli ataniletea mzigo wa nyasi."

Akaja Swala. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kloraidi?"

"Zote huyeyuka, Mwalimu."

"Umejibu sawa, lakini umejibu kwa pua. Lete nyasi!"

Akaja Nyumbu. "Salfeti?"

"Zote huyeyuka, Mwalimu."

"Umejibu sawa, lakini umesimama vibaya. Lete nyasi!"

Akaja Digidigi, akajibu vizuri, akasimama vizuri, hata pua akaibana. Kifaru akamtazama sana. "Wewe umeigilizia kwa Nyumbu. Lete nyasi, mizigo miwili!"

Kifaru akanenepa. Wanyama wakakonda. Swala walio na ndama wakakaukiwa maziwa. Pimbi aliporudi nyumbani aliwakuta wanawe wanalambana majasho, wanagombania kwapa la mama yao. Mdogo kabisa alikuwa amelala, hana hata nguvu ya kugombana. Pimbi akamgusa puani, pua kavu. Moyo ukamuuma. Halafu hasira zikampanda. Pimbi mwenye uchungu hapigi kelele, anakwenda kukaa penye ufa wa mwamba na kusikiliza tena.

Siku hiyo darasa lilikuwa na wimbo mwingine.

"Kaboneti ukiitilia asidi?"

"Hufoka! Shwaaa!"

"Na gesi yake?"

"Ipitishe kwenye maji ya chokaa!"

"Yatakuwaje?"

"Maziwa!"

Pimbi akacheka peke yake mpaka akajamba.

Kesho yake akafunga safari mpaka ziwa la magadi lililokauka, akajaza kikapu magadi meupe, pe! Akakamua ukwaju mkali, ule ambao ukiuonja sikio linajikunja, akaujaza mtungini. Akateka maji ya chokaa kwenye kibuyu, maangavu kama ya kunywa. Akavunja na tete moja refu. Akamwomba Digidigi amsaidie kubeba, wakaenda.

Wanyama walikuwa wamejaa, kila mmoja na mzigo wake wa adhabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kipande cha mnyama. Kaboneti?"

"Mwalimu," Pimbi akasema kwa unyenyekevu wa kumtia mtu shaka, "mimi kichwa changu kigumu. Eti kaboneti zote haziyeyuki?"

"Zote!"

"Zote zote?"

"Zote zote zote! Hiyo ni kanuni!"

"Na ikipatikana moja inayoyeyuka?"

Kifaru akacheka, ardhi ikatikisika. "Ikipatikana moja, naapa kwa pembe yangu mbele ya wote hawa, naliacha Jiwe hili na silitazami tena. Isipopatikana, wewe na kizazi chako mtanikatia nyasi mpaka meno yenu yaishe."

Wanyama wakaguna. Pimbi akawaza meno ya wanawe, madogo kama punje za mtama.

"Mwalimu, haya ni magadi. Ndiyo kaboneti ya sodiamu." Akachota konzi moja, akaitia kwenye bakuli la maji, akakoroga kwa kidole. Koro-koro-koro. Yakapotea. Hakuna kitu juu, hakuna kitu chini.

"Imeyeyuka!" wanyama wakapiga kelele.

Kifaru akaingiza pua kwenye bakuli. Macho ya Kifaru mnayajua, yamewekwa kwa ajili ya mapambo. "Haijayeyuka. Imejificha."

"Imejificha wapi, Mwalimu?"

"Nitajuaje ilipojificha mbele ya wezi kama nyinyi? Wewe umeiiba kidole kikiwa ndani! Kanuni haiwezi kukosea. Bakuli ndilo lililokosea." Akaramba ukingo wa bakuli. Akaramba tena. Chumvichumvi. Akakitazama kikapu, mate yakamdondoka. "Lete kikapu chote hapa. Nitaitia tumboni kwangu, mahali ambapo hakuna mwizi. Kesho itatoka nzima kama ilivyoingia, ndipo mtaniheshimu."

"Yote, Mwalimu? Utamu wote huo?"

"Yote!"

Pimbi akajifanya kulia. "Basi nibakizie kidogo."

Hilo ndilo lililommaliza. Mlafi ukimwomba kidogo, anameza hata kikapu. Gubu! Gubu! Gubu! Magadi yakaisha, ukili wa kikapu ukabaki umening'inia kwenye mdomo.

Sasa magadi, jamani, hukausha koo. Kifaru akaanza kukohoa vumbi. "Maji!"

"Maji sina, Mwalimu. Nina ukwaju tu, na ni wa wagonjwa."

"Lete!"

"Ni mtungi mzima, Mwalimu, utabakiza?"

Gluku-gluku-gluku. Mtungi ukageuzwa juu chini, ukapigwa kofi, tone la mwisho likaanguka.



Kifaru akakunja uso. Ndani yake kitu kikasema, *nguruuu*. Kikasema, *shwaaa*. Tumbo likaanza kuvimba, likapita mbavu, likapita magoti, miguu ya mbele ikaachana na ardhi, halafu na ya nyuma, mpaka Kifaru akawa anayumba juu ya Jiwe lake.

"Pimbi, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu. Ni mtihani wa vitendo. Fumbua mdomo." Akamchomeka tete, na ncha yake akaitumbukiza kwenye kibuyu cha maji ya chokaa. "Haya, toa hewa."

"BWEEEEH!"

Bwiku-bwiku-bwiku. Maji maangavu yakawa meupe, yakawa maziwa. Digidigi akakiinua kibuyu juu kila mtu aone.

"Kaboneti ipo!" wanyama wakaimba. "Imefoka! Gesi imetoka!"

Gesi ilikuwa haijamaliza kutoka. Ilitafuta na mlango wa pili. Fisi, ambaye hunusa mzoga akacheka, alikuwa amesimama upande huo. Walimwamsha jioni.

Kifaru akateremka, mkia juu, mbio, mbio, mpaka kichakani. Akajisaidia. Akageuka kutazama kaboneti yake. Haipo. Akachambua kwa mguu huu, haipo. Akatawanya kwa mguu ule, haipo hata chembe. Alikuwa ameapa kwa pembe yake, hakurudi. Na mpaka leo, mkimwona Kifaru amekunya kisha anatawanya mavi yake kwa miguu, msimcheke. Anaitafuta ile kaboneti isiyoyeyuka.

Wanyama wakalikimbilia Jiwe. Swala wakalamba, Nyumbu akalamba. Pimbi alimbeba mwanawe mdogo mgongoni, akamsogezea ulimi kwenye Jiwe. Mtoto akalamba mara moja, akafumbua macho. Akalamba tena, akampiga teke ndugu yake. Pimbi akajua amepona, akalia kweli, si yale machozi ya kikapu.

"Pimbi oyee!" wanyama wakashangilia. "Sasa chumvi ni ya wote!"

Pimbi akafuta macho. Akapanda juu ya Jiwe. Akakaa. Pale pale palipokuwa pamepashwa joto na Kifaru. Akaona mahali penyewe panapendeza, na kwamba kutoka juu wenzake wote wanaonekana wafupi.

"Ni kweli," akasema. "Chumvi ni ya wote."

"Ya woteee!"

Pimbi akakohoa kidogo.

"Isipokuwa…"

Swala akaacha kulamba. Nyumbu akainua kichwa. Digidigi, bila kuambiwa, akageuka, akaenda kukata nyasi.

Mafundisho ya ngano hii, watoto, ni mengi. Msiwe walafi. Msidanganye. Mwenye elimu awagawie wenzake, na mnyonge akimshinda mwenye nguvu, dunia hutengemaa. Kanuni hizi ni za kweli siku zote. Zikaririni hivyohivyo nilivyozisema, msiulize kilichobaki.

Ngano yangu imeyeyuka. Mashapo yaliyotuama chini ni yenu.

Masumbuko, hebu nipe na mimi hizo karanga.